Sura ya Tano: Sayuni Akataa Pole

Jua linapozama na tarehe 9 ya mwezi wa Av wa kalenda ya Kiyahudi kuingia, kwa kawaida ikiwa Julai au Agosti, Wayahudi huingia sinagogini bila kusalimiana. Viatu vya ngozi wameviacha nyumbani. Wengi wamevaa raba au malapa. Pazia la kabati la Torati limeondolewa. Taa zimepunguzwa, na mahali pengine watu husomea mishumaa. Wanakaa sakafuni au kwenye vigoda vifupi, ndivyo wakaavyo wafiwa wa Kiyahudi, na msomaji anaanza kughani kitabu cha Maombolezo kwa sauti ya chini inayopanda kidogo kidogo. Hawatakula wala kunywa maji kwa saa 25 hivi.

Maombolezo ni kitabu kifupi, sura 5 tu. Sura ya kwanza inauonyesha mji wa Yerusalemu kama mjane aliyekaa peke yake usiku, machozi yakimtiririka. Rafiki zake wamemgeuka, makuhani wake wanaugua, watoto wake wamekokotwa utumwani mbele ya adui. Na katika sura hiyo moja yenye aya 22, shtaka moja linarudi mara 5: hana wa kumfariji. Mara nyingine msimulizi ndiye anayelisema, mara nyingine mjane mwenyewe. Mtu anayesikiliza akiwa amekaa sakafuni hawezi kulikwepa.

Sura hii inahusu jibu la shtaka hilo. Jibu hilo husomwa kwa Sabato saba mfululizo, kutoka kitabu cha Isaya, na nililoliona kubwa ndani yake ni hili: waliopanga masomo ya faraja walimwachia mfiwa nafasi ya kusema kwamba faraja haijamwingia.

Msiba wenyewe una tarehe na una mashahidi. Mwaka 597 KK Nebukadneza wa Babeli aliuzingira Yerusalemu akamchukua mateka mfalme kijana Yehoyakini, pamoja na wakubwa wa mji na mafundi wake. Mwaka 586 KK majeshi yake yakarudi, yakabomoa kuta na kulichoma moto Hekalu. Wataalamu wa Kijerumani waliochimba magofu ya Babeli kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuta katika kasri la mfalme vibao vya udongo vya stoo, na baadhi yake vikachapishwa mwaka 1939. Humo karani ameandika posho ya mafuta aliyopimiwa mfalme wa Yuda, na nyingine ya wanawe watano. Ni hesabu ya kawaida ya stoo, mstari baada ya mstari, na ndani yake yumo mtu ambaye zamani yeye ndiye aliyekuwa akigawa. Hekalu la pili, lililojengwa baada ya uhamisho, lilichomwa na Warumi wakiongozwa na Tito mwaka 70 BK. Jadi ya Kiyahudi imeiweka misiba yote miwili kwenye tarehe moja, 9 Av.

Sasa tuone utaratibu wenyewe. Kila Sabato asubuhi husomwa fungu la Torati. Likimalizika, gombo linanyanyuliwa juu ili watu waone maandishi, linaviringishwa, linafungwa na kuvikwa vazi lake, na mtu mmoja anaketi akiwa amelipakata. Hapo ndipo mwingine anaposimama kughani haftara, yaani fungu kutoka vitabu vya Manabii, kwa mahadhi yake ambayo si yale ya Torati. Mara nyingi msomaji huyo ni mvulana wa miaka 13 anayeingia utu uzima wa kidini, na kwenye jamaa nyingi leo ni msichana pia. Siku nyingi za mwaka haftara huchaguliwa kwa sababu inafanana na Torati ya wiki hiyo. Kuanzia wiki tatu kabla ya 9 Av mpaka Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Rosh Hashana, mambo hubadilika, kalenda ndiyo inayochagua. Sabato tatu kabla ya mfungo ni za karipio: mbili kutoka Yeremia, na ya tatu ni sura ya kwanza ya Isaya. Baada ya mfungo zinafuata saba za faraja. Zote zinatoka sehemu ya pili ya Isaya, kati ya sura ya 40 na ya 63.

Tatu za kukaripia, saba za kufariji. Waliopanga hawakufikiri kwamba jeraha huchukua kupona muda ule ule lililochukua kuumizwa.

Faraja yenyewe, hata hivyo, haisubiri Sabato. Talmudi, mkusanyiko mkuu wa mafundisho ya marabi, inasimulia kwamba moto uliwashwa Hekaluni jioni ya tarehe 9 ikikaribia, na uliendelea kuwaka tarehe 10. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba alasiri ndiyo saa ya kulia zaidi. Desturi inafanya kinyume. Ikipita saa sita mchana watu wanainuka sakafuni na kukaa kwenye viti, na katika sala ya alasiri inaongezwa dua ya kumwomba Mungu aufariji mji unaoomboleza. Saa ileile ambayo moto ulianza, ndiyo saa ambayo neno la faraja linatamkwa kwa mara ya kwanza. Sijaona uamuzi wenye ujasiri zaidi katika kalenda yao nzima.

Kisha inakuja Sabato ya kwanza, Shabbat Nachamu, iliyopewa jina kwa neno linalofungua somo lake, Isaya 40:1-26. Mungu anaamuru watu wake wafarijiwe, anarudia amri hiyo papo hapo, wala anayeamriwa hatajwi. Sauti inatangaza barabara ikatwe jangwani, mabonde yajazwe, vilima vishushwe. Binadamu ni majani yanayokauka. Mchungaji anawabeba wana-kondoo kifuani. Halafu somo linapanda juu kabisa: nani aliyepima maji ya bahari kwa kiganja chake, mataifa yote ni tone kwenye ndoo, inueni macho mtazame nyota, kila moja huitwa kwa jina lake na hakuna inayokosekana. Wakristo wa Afrika Mashariki wanayafahamu maneno ya mwanzo wa sura hii kwa sababu Injili zinayahusisha na Yohana Mbatizaji, na kwa sababu husomwa makanisani wakati wa Majilio.

Ni maandishi mazuri kupita kiasi. Lakini yasome ukiwa umekaa mahali pa yule mjane wa Maombolezo. Aliyefiwa na watoto anaelezwa habari za nyota. Anaambiwa kwamba kifungo chake kimekwisha, na kwamba amelipishwa maradufu kwa makosa yake. Yote hayo ni makubwa, ila bado yanapita juu ya kichwa chake. Somo linakatwa kwenye aya ya 26. Aya ya 27, ambayo inafungua haftara ya Sabato nyingine miezi kadhaa baadaye, ni lalamiko la Yakobo kwamba njia yake imefichika machoni pa Mungu. Wasikilizaji wa Shabbat Nachamu wanaachwa kwenye nyota, hatua moja kabla ya lalamiko. Wanasubiri wiki nzima, na lalamiko linapokuja linatoka sura nyingine na katika kinywa cha mwanamke.

Huyo ni Sayuni, yaani Yerusalemu mwenyewe. Haftara ya Sabato ya pili inaanzia Isaya 49:14, na inaanza katikati ya mazungumzo, bila utangulizi. Sayuni anasema Mungu amemwacha, Bwana wake amemsahau. Hayo si malalamiko mapya. Mwisho wa kitabu cha Maombolezo, kwenye sura ya 5, watu wanamuuliza Mungu mambo hayo hayo mawili: kwa nini anawasahau, kwa nini anawaacha. Kwa hiyo Sayuni amezisikia nyota na barabara ya jangwani, na bado amesimama palepale alipokuwa usiku wa 9 Av.

Yeyote aliyewahi kukaa matanga anamfahamu mwanamke huyu. Siku ya kwanza watu wanaingia mmoja mmoja, wanainama, wanashika mkono. Jipe moyo. Kazi ya Mungu haina makosa. Tumwachie yeye. Mfiwa anaitikia, ameshapoa, na anayemtazama usoni anaona hakuna kilichopita masikioni. Hao waliokuja kuhani hawakukosea, na mfiwa naye hakukosa adabu. Ni kwamba maneno ya kweli yamefika kabla ya wakati wake. Kwenye matanga mengi hali hiyo hufunikwa na heshima. Kwenye haftara ya pili inasemwa kwa sauti, mbele ya mkutano, na ni sehemu ya Maandiko.

Na jibu analopewa halimkemei. Halimwambii kwamba imani yake ni haba. Linamuuliza swali: mwanamke aweza kumsahau mtoto anayemnyonyesha? Msomaji anasubiri jibu rahisi la hapana, lakini nabii haendi huko. Anakubali kwamba hata hao wanaweza kusahau. Maneno haya yalisemwa kwa watu waliobeba kumbukumbu ya mazingirwa. Maombolezo yenyewe yanasimulia yale ambayo njaa iliwafanya akina mama wa Yerusalemu wawafanyie watoto wao, na mimi sitayaandika hapa. Baada ya kukubali hilo ndipo Mungu anaposema kwamba yeye hatasahau, na kwamba amemchora Sayuni kwenye viganja vya mikono yake, kuta zake ziko mbele yake daima. Ni kuta zilezile zilizobomolewa. Kwa maoni yangu hapa ndipo faraja inapoanza hasa, kwa sababu kwa mara ya kwanza inaanzia kwenye maneno ya mwenye msiba badala ya kuanzia kwenye ukuu wa mfariji.

Sabato ya tatu, Isaya 54:11 hadi 55:5, mwanamke huyo anaelezwa kuwa ameteswa, amepeperushwa na dhoruba, hakufarijiwa. Anaahidiwa misingi ya vito na malango yanayong'aa, na wenye kiu wanaitwa kunywa bila kulipa. Sabato ya nne inarudi nyuma, Isaya 51:12 hadi 52:12, na inafunguliwa na Mungu mwenyewe akisema kwamba yeye, yeye hasa, ndiye anayewafariji.

Tazama namba hizo. Sura ya 40, kisha 49, kisha nusu ya pili ya 54, kisha kurudi 51, kisha mwanzo wa 54, halafu 60, halafu 61. Kama nia ingekuwa tu kusoma sehemu nzuri za Isaya, mfuatano wa kitabu ungetosha. Sura ya 54 imekatwa vipande viwili, na kipande cha mwisho kinasomwa wiki mbili kabla ya cha kwanza. Huo ni mpango wa mtu aliyejua anachokitafuta.

Aliyeueleza vizuri zaidi ni David Abudarham wa Sevilla, Hispania, katika kitabu chake cha ufafanuzi wa sala alichokimaliza mwaka 1340. Akitegemea midrashi ya kale, yaani mafafanuzi ya marabi juu ya Maandiko, alisema mianzo ya haftara hizi ni mazungumzo. Kwanza Mungu anawatuma manabii wakawafariji watu wake. Sayuni anawajibu kwamba Mungu amemwacha. Pole yao haitoshi. Manabii wanarudi kwa aliyewatuma na kumpa taarifa: ameteswa, amepeperushwa, hakufarijiwa. Mungu anasema basi, mimi mwenyewe nitakwenda. Sabato ya tano na ya sita anazungumza naye bila mjumbe katikati, akimwambia aliyekuwa tasa ashangilie, kisha ainuke aangaze. Sabato ya saba ndipo Sayuni anapofungua kinywa tena na kusema kwamba anafurahi.

Ukiisha kuyasikia hivyo, huwezi kuyasoma tena namna nyingine. Kilichoonekana kama mkusanyiko wa ahadi kinakuwa kisa chenye wahusika. Kina mjumbe aliyeshindwa, na kushindwa kwake kumehifadhiwa.

Wahenga wa Nchi ya Israeli walikuwa wamekwenda mbali zaidi karne nyingi kabla ya Abudarham. Kuna mkusanyiko wa mahubiri uitwao Pesikta de-Rav Kahana, ambao wataalamu wengi wanauweka kwenye karne ya 5 au ya 6 BK. Umepangwa kufuata sikukuu na Sabato maalumu, na ndani yake mna mahubiri kwa kila moja ya Sabato hizi saba. Kitabu hicho kilipotea machoni pa watu kwa muda mrefu. Mwaka 1832 mtaalamu Mjerumani Myahudi, Leopold Zunz, alikisia sura yake na mpangilio wake kutokana na vipande vilivyonukuliwa na wengine, na maandiko yenyewe yalipopatikana, Solomon Buber aliyachapisha mwaka 1868.

Katika mahubiri ya Shabbat Nachamu, Pesikta inawaonyesha manabii wakimwendea Yerusalemu mmoja mmoja. Anaingia Hosea, anasema Mungu amenituma nikufariji. Yerusalemu anauliza: umeniletea nini? Hosea anataja ahadi yake ya umande. Yerusalemu anamkumbusha kwamba jana yake yeye huyo huyo alimwambia mizizi imekauka. Sasa aamini lipi, la kwanza au la pili? Anaingia Yoeli na divai inayochuruzika milimani, anaulizwa kuhusu siku aliyowaambia walevi walie kwa sababu divai imekatika. Anaingia Amosi na kibanda cha Daudi kitakachosimamishwa, anaulizwa kuhusu binti ambaye yeye mwenyewe Amosi alisema ameanguka. Hivyo hivyo wanaendelea, nabii baada ya nabii. Kila mmoja anarudishiwa maneno yake ya zamani.

Yerusalemu hapa si mwanamke aliyepofushwa na uchungu. Ana kumbukumbu kali na anadai haki yake. Waliomtishia ndio hao hao waliokuja na pole, na hakuna anayeeleza imekuwaje. Wahubiri wa Pesikta walikuwa marabi, warithi wa manabii hao kwa kadiri walivyojiona, na wangeweza kuyatetea maneno ya waliowatangulia. Hawakufanya hivyo. Waliwaacha manabii waondoke mikono mitupu na kukiri kwa Mungu kwamba Yerusalemu hakubali kufarijiwa, na Mungu akasema wataenda pamoja. Nawaheshimu sana watu hao kwa ukurasa huo.

Haftara ya nne ndiyo kilele cha yote, na inastahili kusomwa taratibu. Mungu aliyekuja mwenyewe anafanya kile ambacho Sabato ya kwanza haikufanya: anaitazama hasara moja moja. Mwanamke amekunywa kikombe cha hasira mpaka masimbi. Katika wana wote aliowazaa hakuna hata mmoja wa kumshika mkono. Wana hao wamezimia, wamelala kwenye pembe za njia zote kama paa aliyenaswa wavuni. Nabii anauliza waziwazi ni nani atakayemfariji, na kwa muda anaacha swali likining'inia. Baada ya hapo ndipo inapokuja amri ya kujikung'uta mavumbi, kuinuka, kuvaa mavazi mazuri, kujifungua minyororo shingoni. Wanaosikia maneno hayo walikuwa wenyewe wamekaa sakafuni wiki chache tu zilizopita.

Sabato ya tano ni fupi, Isaya 54:1-10, aya 10 pekee, ingawa kanuni ya kawaida ya haftara ni aya zisizopungua 21. Talmudi inaruhusu kufupisha pale jambo linapokuwa limetimia. Tasa anaambiwa apanue hema lake na kurefusha kamba zake kwa ajili ya watoto watakaokuja. Mke aliyeachwa anaambiwa kwamba aliachwa kwa kitambo kidogo tu na anarudishwa kwa rehema nyingi. Na Mungu anaapa kama alivyoapa siku za Nuhu kwamba gharika haitarudi. Nadhani wanawake wa kwetu walioitwa tasa mbele ya mawifi hawahitaji mhubiri awafafanulie aya hizo. Sabato ya sita, sura ya 60, imejaa mwanga, ngamia wa Midiani, dhahabu na uvumba wa Sheba, merikebu za Tarshishi zikirudisha wana kutoka mbali. Ya saba, 61:10 hadi 63:9, ina mavazi ya arusi.

Arusi hizo si za maandishi peke yake. Katika wiki tatu kabla ya 9 Av Wayahudi wanaoshika desturi ya Kiashkenazi, ile ya Ulaya ya kati na mashariki, hawafungi ndoa. Mfungo ukipita, ndoa zinarudi. Mishna, sehemu ya msingi ya Talmudi, inasimulia kwamba tarehe 15 Av, siku 6 tu baada ya mfungo, mabinti wa Yerusalemu walikuwa wakitoka kucheza ngoma mashambani mwa mizabibu wakiwa wamevaa nguo nyeupe za kuazima. Kila mmoja aliazima, hata mwenye kabati limejaa, ili asiye na nguo asiaibike. Na katika karne ya 16, kwenye mji wa Safed huko Galilaya, Shlomo Alkabetz alitunga Lekha Dodi, wimbo wa kuipokea Sabato ambao leo huimbwa kila Ijumaa jioni duniani kote. Beti zake za kati zimesukwa kwa maneno ya haftara hizi: kujikung'uta mavumbi, kuamka, kuangaza, bwana arusi na bibi arusi. Kwa hiyo faraja ya wiki saba ilipata mlango wa kuingilia katika wiki zote za mwaka.

Ni nani aliyeyaandika maneno haya? Jadi inasema ni Isaya mwana wa Amozi, aliyeishi Yerusalemu katika karne ya 8 KK na kuona mbele kwa unabii. Wataalamu wengi wa leo wanasema sura za 40 hadi 55 ni kazi ya nabii asiyejulikana kwa jina, aliyeishi miongoni mwa waliohamishwa Babeli, muda mfupi kabla ya mwaka 539 KK ambapo Koreshi wa Uajemi aliuteka mji huo. Koreshi anatajwa kwa jina katika sura ya 44 na ya 45. Sura za 56 hadi 66 Bernhard Duhm alizitenga mwaka 1892 kuwa za wakati wa baadaye zaidi, baada ya kurudi. Gombo kubwa la Isaya lililopatikana mapangoni Qumran mwaka 1947, lenye urefu wa zaidi ya mita 7 na umri wa miaka 2,000 na zaidi, halijali mgawanyo huo: sura ya 40 inaanza kwenye mstari wa mwisho kabisa wa safu, na mwandishi akaendelea na safu inayofuata. Mimi nakubaliana na wataalamu. Maneno ya faraja yaliyosemwa na mtu aliyekuwa ndani ya msiba yana uzito wake.

Msomaji Mkristo ataona pia pengo. Somo la nne linaishia 52:12 na la tano linaanzia 54:1. Kifungu cha Mtumishi anayeteswa, kilicho katikati, hakimo katika mfululizo huu. Mabishano ya kidini juu ya pengo hilo ni ya zamani na ni makali. Ninachokiona ni kwamba mazungumzo ya Sabato saba ni ya Mungu, manabii na Sayuni, na Mtumishi hana zamu ya kusema ndani yake.

Kuna mahali ambapo mfululizo huu ulikatika, na sitaki kumaliza sura hii bila kupataja. Rabi Kalonymus Kalman Shapira wa Piaseczno alikuwa kiongozi wa Wayahudi wa Kihasidi mjini Warsaw. Mabomu ya Wajerumani ya Septemba 1939 yalimwondolea mwanawe wa pekee wa kiume na mkwewe. Mwenyewe alifungiwa ghetto pamoja na wengine, na humo aliendelea kuhubiri Sabato baada ya Sabato na kuyaandika mahubiri yake. Hotuba ya mwisho aliyoiacha ni ya Sabato ya tatu ya karipio, Isaya 1, tarehe 18 Julai 1942. Alizungumzia tofauti iliyopo kati ya kusikia habari za mateso na kuyaona kwa macho. Siku 4 baadaye, tarehe 22 Julai, siku ambayo jioni yake 9 Av iliingia, Wajerumani walianza kuwapakia watu wa ghetto kwenye treni za kwenda kambi ya maangamizi ya Treblinka. Mpaka mwisho wa Septemba walikuwa wamechukua watu wapatao 265,000. Shabbat Nachamu mwaka huo ilikuwa tarehe 25 Julai. Hakuna hotuba.

Karatasi zake zilizikwa pamoja na kumbukumbu za siri za ghetto, ndani ya debe la chuma la kubebea maziwa, chini ya jengo katika mtaa wa Nowolipki. Mafundi wa ujenzi walizifukua Desemba 1950, na zikachapishwa mwaka 1960 huko Israeli. Yeye aliuawa Novemba 1943. Watu wamejaribu mara nyingi kukipa kitabu chake mwisho wenye matumaini. Mimi nakiacha kilipoishia, kwenye karipio, kwa sababu wahenga wa Pesikta walitufundisha kwamba asiyeweza kusema amefarijiwa asisemewe.

Masomo yenyewe yanaendelea, hata karibu na sisi. Milimani karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, wengi wakaiacha, na waliobaki wakaomba kwa kujificha. Leo wana rabi wao, Gershom Sizomu, aliyewekwa wakfu mwaka 2008, na wanasali kwa Kiebrania na Kiganda wakifuata kalenda hiihii: 9 Av, kisha Sabato saba.

Biblia ya Kiswahili iko katika nyumba nyingi za wasomaji wa kitabu hiki. Ifungue kwenye Isaya, lakini usifuate mfuatano wa kurasa. Soma 40:1-26, halafu funga kitabu kwa wiki nzima. Wiki ya pili soma kuanzia 49:14 mpaka 51:3. Endelea na 54:11 hadi 55:5, rudi 51:12 hadi 52:12, kisha 54:1-10, kisha sura ya 60, na umalizie 61:10 hadi 63:9. Soma kwa sauti, somo moja kwa wiki, na usiongeze mwendo hata kama unajua mwisho wake. Na kama kuna mfiwa nyumbani, msomee kuanzia somo la pili.